Marehemu Hapigiwi Ramli

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, tukiwa bado tunalala kwenye mikeka ya matanga, shangazi alinigusa bega kabla jogoo hajawika akanipa ishara nimfuate nje. Tulisimama migombani, umande ukitulowesha miguu. Kaburi la baba lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, udongo wake ungali mbichi. Shida ilikuwa hati ya kiwanja cha mjini. Baba alikuwa mtu wa kuficha karatasi. Tulikwisha kupekua sanduku la bati, mifuko ya makoti, chini ya godoro, hata kurasa za Biblia yake. Hatukuona kitu, na ndugu walikuwa wameanza kutazamana kwa macho ya pembeni.

“Mwanangu,” shangazi aliniambia, “kuna mama mmoja ng'ambo ya mto. Anampandisha marehemu, na marehemu anasema mwenyewe. Twende tukamwulize baba yako alikoiweka. Kuuliza tu, kwani ni dhambi?”

Nilikuwa katekista kwa mwaka wa kumi na moja. Swali hilo nilikuwa nimelijibu mara nyingi mbele ya wakatekumeni, chaki mkononi, bila kusita. Asubuhi ile nilinyamaza. Wazo la kuisikia sauti ya baba, hata kwa kinywa cha mtu mwingine, hata kwa dakika moja, lilinivuta kuliko hati yenyewe.

Tangu hapo sijamwita mjinga mtu anayekwenda kumtafuta marehemu wake kwa mganga. Najua kinachomtoa nyumbani. Ninayoandika hapa nayaandika kama mfiwa kwa wafiwa wenzangu Wakatoliki, hasa wale ambao katika wiki za mwanzo za msiba wataguswa bega alfajiri na mtu wanayempenda.

Kwanza tuondoe jambo moja ambalo limewaumiza wengi. Kanisa halijasema kwamba aliyekufa amekatika nasi. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri ushirika wa watakatifu, na maana yake ni kwamba sisi tunaohangaika duniani, wale wanaotakaswa toharani na wale waliofika mbinguni ni familia moja ndani ya Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza hilo mwaka 1964 katika hati yake juu ya Kanisa: kifo hakikati umoja wetu, na tangu siku za kwanza Wakristo waliwakumbuka marehemu wao kwa heshima kubwa. Maaskofu wa Afrika walipokutana Roma kwa Sinodi mwaka 1994, suala la wahenga lilikuwamo mezani, na Papa Yohane Paulo II katika waraka uliofuata mwaka 1995 aliuliza kama imani ya Waafrika kwamba wafu wao wanaendelea kuishi haikuwa namna ya kuwaandaa kuupokea ushirika wa watakatifu. Wenzetu wa Kongo wamekwenda hatua moja mbele. Katika misale yao iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, mwanzoni mwa Misa, baada ya kuwaita watakatifu, huwataja pia wahenga waliomtumikia Mungu kwa dhamiri njema. Padri wetu Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, aliandika kitabu kizima kumweleza Kristo kama Mhenga wetu. Basi anayekuambia kwamba kumkumbuka babu yako ni ushenzi, hilo hakulitoa kwenye mafundisho ya Kanisa.

Kinachokatazwa ni kingine, nacho kinakatazwa waziwazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inaweka kuita wafu katika kundi moja na kupiga ramli, kusoma nyota na kutafuta msaada wa pepo. Kabla yake kuna Kumbukumbu la Torati sura ya 18, Walawi sura ya 19 na 20, na Isaya sura ya 8, ambapo nabii anashangaa watu wanaokwenda kwa wafu kutafuta habari za walio hai ilhali Mungu wao yupo.

Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja wa jumuiya yetu kwamba katazo hili lililetwa na wamisionari ili kuvunja mila za babu zetu. Nilimheshimu kwa kusema wazi, kwa sababu wengi wanawaza hivyo wakanyamaza. Lakini turudi nyuma kidogo. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili wa familia ya Fox walidai kwamba roho ya mtu aliyekufa inawajibu kwa kugonga. Haukupita muda, Marekani na Ulaya zikajaa vikao vya watu kukaa gizani wameizunguka meza, mikono juu yake, wakimwita marehemu. Walikuwamo wasomi, matajiri na wanasayansi. Mwaka 1888 Margaret Fox alisimama mbele ya umati akakiri kwamba milio ile walikuwa wakiitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Baadaye akaikana kauli hiyo, lakini vikao havikukoma kwa kukiri kwake wala kwa kukana kwake. Watu waliokuwa wakivitafuta hawakuwa wakitafuta ushahidi. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, Oliver Lodge, alipoteza mwanawe Raymond vitani mwaka 1915, na mwaka uliofuata akatoa kitabu akidai kwamba kijana huyo amezungumza naye. Wazazi wengi waliofiwa vijana wao walikisoma wakiwa na kiu ileile.

Hapo ndipo Roma iliposema tena. Tarehe 24 Aprili 1917 Ofisi Takatifu, idara ya Roma ya kulinda mafundisho ya imani, iliulizwa kama Mkatoliki anaruhusiwa kuhudhuria vikao vya kuita roho, akiwapo mtu wa kupandisha au asiwepo, hata kama atakaa kimya akitazama tu, hata kama moyoni mwake ameapa kutoshirikiana na pepo wabaya. Jibu likawa hapana kwa kila sehemu ya swali. Hati ile iliwahusu kwanza Wazungu waliokuwa wakilia kwenye meza zao. Nilipomweleza yule mzee hivyo alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Kumbe nao.” Ndiyo, nao. Uchungu wa kufiwa hauna kabila.

Sasa, kwa nini? Mtu aliyefiwa hastahili kupewa katazo bila sababu. Nisome nawe kisa cha mfalme Sauli katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28, maana ndani yake yamo karibu yote.

Sauli mwenyewe alikuwa amewafukuza nchini watu wa kupandisha wafu. Wafilisti wanapomzingira anamwomba Mungu, naye Mungu hamjibu, si kwa ndoto wala kwa manabii. Anaogopa. Nabii Samweli, aliyekuwa akimwongoza, amekwisha kufa na kuzikwa. Basi mfalme anavua mavazi yake ya kifalme, anavaa ya kumficha, anachukua watu wawili na kwenda usiku Endori kwa mwanamke mmoja. Tazama hilo vazi. Kila aliyewahi kwenda huko anajua habari ya kujifunika khanga usoni na kupita njia ya nyuma. Sauli anaomba aletewe Samweli. Walimu wa zamani wa Kanisa walitofautiana kama aliyetokea alikuwa Samweli kweli, kwa ruhusa ya Mungu, au mfano wake tu, nami sitaki tukwame hapo. Angalia alichopata. Hakupewa mbinu ya vita. Hakupewa faraja. Aliambiwa kwamba kesho yeye na wanawe watakuwa pamoja na wafu, akaanguka chini kifudifudi, hana nguvu, kwa kuwa hakuwa amekula mchana wote na usiku wote. Ikabidi yule mwanamke amchinjie ndama na kumwokea mikate. Siku ya vita akafa mlimani Gilboa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinaniambia jambo lilelile: Sauli hakumpenda Samweli usiku ule. Alimtaka Samweli kama mtu anavyotaka tochi. Marehemu akishakuwa kifaa cha kutupa habari tunayoitaka, hata kama tunalia, tumekwisha kumshusha. Baba yangu alipokufa alikwenda mbele za Mungu. Sina mamlaka ya kumwita atoke huko aje kueleza mambo ya kiwanja.

Halafu kuna swali la nani anayejibu. Ukiketi mbele ya mtu aliyefumba macho akabadilisha sauti, huna njia ya kumjua anayesema. Huenda ni mtu mjanja aliyesikia habari za msiba wako sokoni. Huenda ni huzuni yako wewe inayokamilisha maneno nusunusu aliyoyatamka. Na Kanisa linaamini kwamba wapo pepo wabaya, nao hawana haya ya kujiita kwa jina la baba yako. Mwenye kufiwa ndiye mtu wa mwisho kuweza kupambanua hayo, maana anataka mno yawe kweli.

Tena tuyatazame matunda. Mara ngapi umesikia marehemu “aliyepandishwa” akasema, “Nilikufa kwa ugonjwa wangu, pendaneni”? Karibu kila mara anataja mtu: jirani, mke mdogo, bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchini kwetu jambo hili lina jina lake, ramli chonganishi, na limemwaga damu ya wanawake wazee wasio na kosa. Kabla hujaingia kwenye nyumba ile ng'ambo ya mto, ujiulize kama uko tayari kubeba jina utakalopewa.

Hapa niseme neno kuhusu waganga, nisije nikaeleweka vibaya. Anayekupa majani ya kunywa kwa kikohozi au mizizi ya kuchemsha kwa tumbo hafanyi kosa kwa kutumia mimea ambayo Mungu aliumba. Mpaka uko pale anapotoa kibuyu, kioo au bao, na kuanza kuzungumza na wasioonekana.

“Lakini nyie Wakatoliki mnazungumza na wafu kila siku,” wataniambia jirani zangu wa makanisa mengine. “Mnawaita watakatifu kwa majina!” Ni swali la haki. Tunapoimba Litania ya Watakatifu tunasema “utuombee”, basi. Hatumwambii Mtakatifu Karoli Lwanga atuonyeshe ng'ombe aliyepotea kisha tukae tukisubiri sauti. Tunamwomba asimame nasi mbele ya Mungu, kama vile ninavyokuomba wewe uniombee ninapokwenda hospitali. Jibu, kama litakuja, litatoka kwa Mungu, kwa wakati wake na kwa njia yake. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: ukishamaliza kusema na marehemu, unatarajia nini? Kama unatarajia Mungu amrehemu naye akuombee, umesali. Kama unatarajia marehemu akujibu, akupe siri, akufichulie adui au akuogopeshe, umeshavuka.

Kwa kipimo hicho mambo mengi yanayowatia watu hofu yanajibika kwa urahisi. Mama yangu, kila akitoka kukata majani ya ng'ombe, husimama kaburini kwa baba akamwambia mjukuu amefaulu, au mvua imegoma. Ni upendo huo, wala haungojei kujibiwa. Kutunza picha yake, kuweka sauti yake kwenye simu na kuisikiliza siku ya kumbukumbu, si vibaya. Siku hizi zimetokea programu za kompyuta zinazojifunza ujumbe wa marehemu na kukujibu kama yeye. Hizo ningekushauri uziache. Zile sentensi si zake, na moyo unaoomboleza hunasa haraka kwenye sauti inayofanana.

Ndoto zinataka nafasi yake, kwa sababu ndizo zinazoletwa kwangu mara nyingi kuliko jambo lolote. “Katekista, marehemu amekuja usiku, amelowa, anasema ana baridi. Anataka nini?”

Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliulizwa mambo ya namna hii na rafiki yake Paulino, askofu wa Nola, akamwandikia kitabu kidogo juu ya kuwatunza wafu, kama mwaka 421. Ninakipenda kwa sababu hakina majivuno. Anasimulia kisa alichokisikia Milano: kijana alidaiwa deni la baba yake marehemu, akahuzunika, maana hakuachiwa habari yoyote. Usiku baba akamtokea ndotoni akamwonyesha ilipo karatasi iliyothibitisha kwamba deni limelipwa. Akaenda akaikuta. (Unaweza kuwaza nilivyokisoma kisa hicho mwaka ule wa hati yetu.) Agustino hakikatai. Lakini hapo hapo anasimulia kingine. Mwalimu mmoja wa Kartago, Eulogio, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuwa akiandaa somo akakwama kwenye maandishi magumu ya Cicero. Usiku Agustino akamtokea ndotoni akamfafanulia. Ila Agustino alikuwa hai, yuko ng'ambo ya bahari, amelala au anafanya kazi zake, hana habari yoyote na Eulogio wala na somo lake. Kama aliye hai anaweza kuonekana ndotoni bila yeye kujua, kwa nini tudhani kwamba kila marehemu anayeonekana ndotoni ametumwa?

Kisha anasema jambo la nafsi yake. Anasema kama wafu wangekuwa na hiari ya kuja kwetu, basi mama yake Monika, aliyemfuata kwa nchi kavu na bahari ili asiachane naye, asingekosa kumtembelea hata usiku mmoja. Na hakuja. Agustino hakuona kwamba ameachwa. Monika alikuwa amemwachia wosia kabla ya kufa Ostia mwaka 387, kwamba mwili wake wasijisumbue nao, ila wamkumbuke tu altareni kwa Bwana popote watakapokuwa.

Kwa hiyo, ukimwota marehemu, amka umwombee. Hilo halikosi kufaa, ndoto iwe ya namna gani. Ikiwa ndoto imekukumbusha jambo la kweli, kwamba alikuwa na deni dukani au aligombana na kaka yake wasipatane, chunguza mchana kwa kuuliza watu, kisha lipa, patanisha. Lakini ndoto isiwe shahidi wa kumshtaki mtu. Usiipeleke kwa mtabiri akutafsirie kwa pesa. Na kama ndoto, au sauti, zinakunyima usingizi wiki baada ya wiki, huli, hufanyi kazi, nenda hospitali ukaonane na mshauri. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Kikao cha ukoo ni kigumu zaidi, maana pale huwezi kufunga mlango ukasali peke yako. Mtoto anaumwa, ndoa inayumba, mzee mmoja anasimama: “Babu analalamika. Anadai mbuzi.” Kwetu Kilimanjaro wengi tumezikwa na tutazikwa kihambani, chini ya migomba, na jani la isale bado lina uzito wa kuombana msamaha. Nakushauri usianze kwa kubeza. Mzee yule anabeba jambo la kweli hata kama njia yake haifai: kwamba kuna aliyesahauliwa, na kwamba ukoo hauko sawa. Mwitikie kwa hilo. Pendekeza kaburi lisafishwe, padri aje alibariki, ndugu waliokosana wapeane mikono mbele ya wote, chakula kiliwe pamoja, majina ya marehemu yatajwe moja moja na kuombewa. Mbuzi achinjwe aliwe na watoto. Usichoweza kufanya kama Mkristo ni kumtoa mbuzi kwa marehemu ili kumtuliza asiue, kana kwamba uhai wa mtoto wako uko mikononi mwa babu. Sadaka ya kutuondolea dhambi ilikwisha kutolewa msalabani, na ndiyo hiyo hiyo inayoletwa altareni. Sema hivyo kwa upole, ukiwa umekwisha kuzungumza na mzee mmoja au wawili kabla ya kikao. Ukingoja kusema hadharani siku yenyewe, utakuwa umemvunjia mkubwa heshima, na hakuna atakayesikia hoja yako.

Na unapowanyima ndugu njia moja uwape nyingine, wasirudi mikono mitupu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo anapokuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za sanamu chini ya nguo zao, hawaiti roho zao kuzihoji. Anachangisha kama drakma 2000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa dhambi zao. Sadaka yetu ni Misa. Nenda ofisi ya parokia, andika jina la marehemu na tarehe. Sadaka unayotoa si bei ya Misa, wala roho haina bei. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadri kuadhimisha kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka yoyote. Kama huna kitu, usione aibu kumwambia paroko. Wapo wanaoomba Misa thelathini mfululizo, zinazoitwa za Gregori, kwa sababu Papa Gregori Mkuu alisimulia jinsi alivyoagiza hivyo kwa mtawa Justo aliyekufa akiwa ameficha sarafu tatu za dhahabu.

Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ilianzishwa na abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 998, na tangu 1915 Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadri wote kuadhimisha Misa tatu siku hiyo. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi ukawaombea marehemu, hata kimoyomoyo, unaweza kuwapatia rehema kamili, moja kwa kila siku. Unatakiwa uwe umeungama, upokee Komunyo, usali kwa nia za Baba Mtakatifu, na usishikilie dhambi yoyote moyoni. Maungamo mamoja yanatosha kwa siku zote nane. Hilo sharti la kutoshikilia dhambi ndilo gumu, nami naliona jema kuliko yote: ili umsaidie baba yako inabidi uachane na kinyongo ulicho nacho kwa kaka yako.

Kama umekwisha kwenda, na wengi wamekwenda, usikae na siri hiyo ikakuoza. Nenda kaungame. Mweleze padri ulichokiuliza na ulichojibiwa. Hirizi au dawa uliyopewa umpelekee akuelekeze namna ya kuitupa. Usiogope kwamba aliyekupa atakufuata. Kristo ana nguvu kuliko yeye. Na kama ulipewa jina la mtu, ukaacha kumsalimia, rudi ukamsalimie.

Basi, hati. Nilimwambia shangazi asubuhi ile, “Shangazi, naomba unipe siku tatu.” Nilikwenda polisi nikapata taarifa ya upotevu, kaka akaapa kiapo mbele ya wakili, na ndugu wakaanza utaratibu wa kumteua msimamizi wa mirathi, maana bila yeye hakuna ofisi itakayokusikiliza. Kiwanja kilichopimwa na kuandikishwa kina kumbukumbu zake kwa Msajili wa Hati. Kisichopimwa kina muuzaji, kina mashahidi wa mauziano na ofisi ya serikali ya mtaa iliyogonga muhuri. Chetu kilikuwa cha namna hiyo ya pili, na shahidi mmoja wa mauziano, fundi cherehani aliyemfahamu baba tangu ujana, alikuwa na nakala, ameikunja ndani ya bahasha ya kaki. Tuliketi naye barazani akatusimulia habari za baba ambazo hatukuwahi kuzisikia. Nililia pale kuliko nilivyolia mazikoni.

Shangazi hakufurahi kama nilivyotarajia. Nilidhani amekasirika kwa kuwa sikumsikiliza.

Mwezi wa Novemba, tulipogawiwa bahasha za kuandika majina ya marehemu ili ziwekwe altareni, alikuja nyumbani jioni, akaketi jikoni, akaniomba nimwandikie kwa kuwa macho yake yamechoka. Tukaandika babu na bibi, tukaandika baba, tukaandika mumewe. Nikataka kufunga. Akauzuia mkono wangu. Akasema kulikuwa na mtoto, wa kwanza kabisa, kabla hajaolewa, aliyekufa siku ya pili hata hajabatizwa. Hakuzikwa kwa sala. Miaka arobaini na tano hakumtaja. Alitaka kwenda kwa yule mama wa ng'ambo ya mto kumwuliza kuhusu mtoto. Hati ilikuwa sababu ya kwenda.

Nilimwambia ninachokijua: kwamba Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, yule aliyesema waachwe waje kwake, na kwamba mwaka 2007 tume ya wanateolojia huko Roma iliandika hati nzima kueleza kwa nini tuna haki ya kuwatumainia wokovu. Alisikiliza, mikono mapajani.

“Hakuwa na jina,” alisema.

Nikamwuliza angependa aitwe nani. Alifikiri muda mrefu, moto ukipungua jikoni, kisha akalitamka, nami nikaliandika chini ya mengine kwa herufi kubwa, akalitazama kwa karibu kuona kama nimeliandika sawasawa.